Gunia la Pili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alitandika vitanda, akajaza ndoo ya maji jikoni, kisha akafagia sebule mpaka mlangoni. Kazi hizo alizifanya vizuri, wala hakungoja kukumbushwa. Alipofika nyuma ya mlango aliinua mabuti mawili makubwa ya mpira, akafagia pale yalipokuwa, akayarudisha yakiwa yametazama ukuta kama yalivyokuwa. Mabuti hayo yalikuwa ya baba yake. Baba alifariki miezi michache iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyeyagusa isipokuwa Chiriku na ufagio wake.

Jina la Chiriku halikuwa lake la darasani. Alipewa na baba kwa utani, maana alianza kusema kabla hajaota meno yote, na alipoanza hakujua kupumzika. Alisema akila, alisema akioga, alisema hata akiwa amelala. Baba alikuwa akimwambia, "Chiriku, pumua kwanza, mwanangu," naye alipumua mara moja akaendelea. Siku hizi hakuhitaji kukumbushwa kupumua. Mtu akimuuliza hali yake, alijibu maneno mawili tu, "Niko sawa," akanyamaza.

Majirani walimsifu. Walisema mtoto huyu ni jasiri, kajikaza kisabuni, siku ya mazishi hakudondosha hata chozi. Ujasiri ulitoka wapi? Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, basi. Ukiukalia mguu vibaya unakufa ganzi. Unauona ni wako, lakini ukiufinya ni kama umefinya mguu wa jirani. Chiriku alijifinya sana moyoni mwake siku zile, akingoja zije zile sindano zinazochoma ganzi inapoachia. Hazikuja.

"Jumamosi tunaanza kazi ya ule uwanja wa mtaa wa pili," mama alimwambia asubuhi moja wakinywa chai. "Wewe utakuwa upande wa mbegu."

"Sawa, mama."

"Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya baba yako."

"Sawa."

Mama alimtazama kidogo, kama mtu anayengoja neno jingine. Neno halikuja. Akainuka kuosha vikombe.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa kuotesha nyasi, na namna walivyoifanya iliwaacha watu midomo wazi. Hawakupanda kwa mkono. Walikuwa na tangi kubwa juu ya tela, ambalo baba alilipa jina la Sufuria. Ndani ya Sufuria waliweka maji, karatasi zilizosagwa, mbolea, unga wa gundi na rangi ya kijani. Mapanga ya chuma yaliyokuwa ndani yalikoroga vitu hivyo mpaka vikawa uji mzito. Mwisho kabisa ndipo walipotia mbegu. Kisha pampu ikaunguruma, na uji ule ukarushwa kwa mpira mrefu juu ya udongo uliokwisha kulainishwa kwa reki. Karatasi zilishika unyevu, gundi ikazishikilia mbegu zisichukuliwe na maji, na rangi ilimwonyesha mwenye mpira pale alipokwisha kupita. Mtu asiyejua akipita saa hiyo angeapa kwamba nyasi zimeshaota, kumbe ni rangi.

Zamani baba alipika na mama alirusha. Walikuwa na desturi yao. Mama akiwa tayari na mpira mkononi aliita kwa sauti, "Mbegu?" Baba alijibu kutoka juu ya ngazi ya tangi, "Zimeingia." Na kwa kuwa pampu ina kelele, na mtu anaweza kusikia vibaya, baba alilitundika gunia tupu kwenye kulabu ya ngazi. Mama akiliona linaning'inia alijua mambo yako tayari. Tangi likiisha, baba alilishusha gunia lile kwanza kabla ya kufungulia maji mapya.

Baba alipofariki, Sufuria lilifunikwa turubai. Mkandarasi mmoja wa ujenzi alikuja mara mbili kutaka kulinunua. Akasema mwanamke peke yake ataiweza wapi kazi ile. Mama alimjibu kwa upole, "Niache kwanza nijaribu." Ndipo akapata kazi ya kuotesha uwanja wa shule ya watoto wasioona, iliyo mtaa wa pili. Chiriku alilijua hilo vizuri kwa kuwa mama hakumficha: kazi hii ikienda vizuri, zitafuata nyingine, na watabaki na Sufuria. Ikiharibika, Sufuria linauzwa, na mama atatafuta kazi ya kufua nguo za watu.

Jumamosi ikafika. Uwanja ule ulikuwa wa kokoto kabla haujachimbwa na kuletewa udongo mzuri. Ulihitaji matangi mawili: tangi la kwanza kwa upande wa madarasa, la pili kwa upande wa ukuta. Katikati mama alikuwa amekaza kamba.

Tangi la kwanza halikuwa na neno. Chiriku alipanda ngazi, akakata uzi wa gunia, akamimina mbegu, akalitundika gunia tupu kwenye kulabu. Mama aligeuka akaliona. Alifungua mdomo kama anayetaka kuita, akaufunga, akawasha pampu. Chiriku aliliona hilo lakini hakulitilia maanani.

Uji ulipoisha, maji mapya yakaanza kuingia tangini. Mama alitia karatasi, mbolea, gundi na rangi, kisha akaenda kuukunjua mpira kuelekea ukutani. "Zamu yako," alisema akipita.

Chiriku alikwenda nyuma ya pikapu kuchukua gunia la pili. Juu ya turubai palikuwa na glavu za baba. Akaichukua moja, akaitia mkononi. Ngozi yake ilikuwa imekauka huku vidole vimejikunja, vile vile baba alivyokuwa akishika ngazi, na vidole vya Chiriku vilielea humo ndani bila kufika mwisho. Akakaa juu ya gurudumu la akiba. Hakulia. Hakuwaza hata kitu. Alikaa tu na glavu ile mkononi, huku mapanga yakikoroga, na angeulizwa alikaa muda gani asingejua.

Pampu ilipounguruma alishtuka. Mama alikuwa amegeuka, akaona gunia linaning'inia kwenye kulabu, akaanza kurusha. Lilikuwa gunia la tangi la kwanza. Chiriku hakuwa amelishusha.

Alisimama akatazama uji unavyotua upande wa ukuta. Ulikuwa kijani kama ule wa kwanza, na ulitandazwa vizuri kuliko ule wa kwanza, maana mkono wa mama ulikuwa umeshazoea tena. Alijua alipaswa kupiga kelele. Mdomo haukufunguka. Alingoja hofu ije imsukume, nayo haikuja. Basi akavua glavu, akairudisha ilipokuwa, akalivutia turubai gunia la pili.

Jioni walirudi nyumbani wakiwa na matope hadi magotini. Mama alikuwa akiimba kidogo, jambo ambalo halikuwa limetokea siku nyingi. Chiriku alishusha vyombo.

"Kuna kilichobaki humo nyuma?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Chiriku alikuwa amelishika gunia kifuani. Uzi wake ulikuwa mzima.

"Hakuna," akasema.

Akalipeleka stoo, akalisukuma nyuma ya marobota ya karatasi. Usiku huo alilala usingizi mzito, na hilo ndilo lililomshangaza alipoamka.

Nyasi changa zinataka maji kidogo kidogo, mara kwa mara. Ukimwaga mengi kwa pupa unazisomba mbegu. Asubuhi mlinzi wa shule ndiye aliyemwagilia, na alasiri ilikuwa zamu ya Chiriku akitoka darasani. Aliupitisha mpira upande wa madarasa, kisha akaupitisha upande wa ukuta kwa uangalifu uleule, ingawa alijua fika kwamba kule anamwagilia karatasi.

"Nani huyo anamwagilia?" sauti iliuliza siku ya kwanza.

Kwenye njia ya saruji inayozunguka uwanja alikuwa amesimama mvulana wa rika lake, fimbo nyeupe mkono mmoja na mpira wa kuchezea mkono wa pili. Aliutikisa mpira, zikalia njuga zilizokuwa ndani yake.

"Mimi," Chiriku alijibu.

"Mimi ndilo jina?"

"Naitwa Chiriku."

Mvulana akacheka. "Nimesimama hapa muda wote huo sijasikia hata ukikohoa. Chiriku gani wewe? Mimi naitwa Kengele, mtunza mpira. Pia ni kipa, ila kipa wa mdomo tu. Shika hapa." Akainua kaptura kidogo, akaonyesha magoti yaliyojaa makovu. "Hizi ni kokoto za zamani. Mpira ukija nausikia vizuri, najua uko wapi, lakini siruki. Nani arukie kokoto? Timu ya shule nyingine inakuja kucheza nasi kabla ya kufunga shule. Mwalimu Mkuu amesema nyasi zikiota nitaruka mpaka nichoke."

"Vizuri," Chiriku akasema.

"Wenzangu wanaoona kidogo wanasema uwanja wote umekuwa kijani. Kweli?"

"Kweli."

"Mimi kijani hakinisaidii kitu. Nataka kujua kama zimeota."

"Bado."

Kengele akawa anakuja kila alasiri kuuliza swali lilelile. Siku moja hakuuliza. Alipiga magoti kwenye ukingo wa njia, upande wa madarasa, akapitisha kiganja juu ya udongo taratibu, kama anayempapasa paka asiyemjua. Uso wake ukang'aa.

"Zimeota," akasema. "Zinachoma choma, kama kidevu cha mjomba asiponyoa. Chiriku, weka mkono."

Chiriku akaweka mkono. Ni kweli, zilikuwa zimetoka, nyembamba kama sindano, zimejificha ndani ya ule ukijani wa rangi hata jicho halizitofautishi. Kengele akainuka, akaifuata njia kwa fimbo yake mpaka upande wa ukuta. Akapiga magoti tena. Kiganja kikapita, kikarudi, kikapita.

"Huku hakuna," akasema.

"Labda zinachelewa."

"Mlizimwaga siku moja?"

"Siku moja."

"Na mnamwagilia sawa?"

"Sawa."

"Huku ni kama gazeti lililonyeshewa likakauka." Akageuza uso upande ilikotoka sauti ya Chiriku. "Wewe unajua kitu."

"Sijui kitu."

"Umejibu haraka. Siku zote unajibu kama mtu aliyeamshwa, leo umejibu haraka." Akasimama, akajipangusa magoti. "Mimi simwambii mtu. Lakini mama yako mwambie. Goli langu liko upande huu."

"Nitamwambia," Chiriku alisema.

Hakumwambia. Si kwamba alikata kauli asimwambie. Kila jioni alimwona mama anaingia, akafikiri, nitasema akishaketi. Mama akaketi, naye Chiriku akafikiri, nitasema tukishakula. Wakala, wakaosha vyombo, wakalala. Siku zikaenda hivyo.

Rangi ile haidumu, jua huila. Baada ya muda ukijani wa upande wa ukuta ukapauka, ukawa wa majivu, na upande wa madarasa nyasi zikawa zimesimama vizuri. Sasa kila mwenye macho aliona. Ilikuwa kama mtu aliyenyolewa kichwa nusu. Mwalimu Mkuu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alimwita mama yake Chiriku waende kutazama pamoja.

Chiriku alikuwa hapo na mpira wa maji. Alimwona mama akichuchumaa, akikwaruza udongo kwa ukucha hapa na pale.

"Sioni hata punje," mama alisema. "Zitakuwa zimeoza. Au nilizidisha mbolea kwenye tangi la pili, zikaungua."

"Nyasi na watoto ni hivyo hivyo, wengine huchelewa," Mwalimu Mkuu alimwambia. "Tungoje kidogo."

"Hazichelewi hivi, mwalimu. Nimekosea mimi."

Njiani kurudi nyumbani mama alitangulia. Chiriku alitembea nyuma yake akitazama visigino vyake. Alijua neno moja tu lingeondoa mzigo ule mgongoni mwa mama. Neno lilikuwepo, lakini lilikuwa mbali, kama kitu kilichoanguka chini ya kitanda ambacho mkono haukifikii.

Jumamosi iliyofuata mkandarasi akaja. Mama ndiye aliyempelekea habari. Chiriku alikuwa anafagia sebule, mlango uko wazi, na kila kitu alikisikia. Mkandarasi alilizunguka Sufuria, akaligonga kwa kiganja, akachungulia ndani.

"Nilikwambia tangu mwanzo, dada yangu," alisema bila ubaya. "Si kosa lako. Kazi hii ilikuwa na mwenyewe."

"Ni kweli," mama alijibu. Sauti yake ilikuwa bapa, haina mlima wala bonde. Chiriku aliitambua mara moja. Ilikuwa sauti yake yeye, ile ya kusemea "niko sawa". "Yeye ndiye aliyekuwa anajua kupika. Mimi nilikuwa nashika mpira tu. Nimejaribu, nimeona mwisho wangu. Lichukue."

Ufagio ukasimama. Mbele ya Chiriku palikuwa na mabuti ya baba. Akayatazama, na kwa mara ya kwanza tangu baba afariki alihisi kitu. Kilikuwa kidogo, kama mchomo mmoja tu. Mama alikuwa anauza Sufuria la baba kwa kosa ambalo hakulifanya, na atakaa maisha yake yote akiamini kwamba hajui kazi.

Akaweka ufagio chini, akaenda stoo. Aliyasukuma marobota, akalivuta gunia kwa masikio yake mawili, akaliburura sakafuni, akapita nalo karibu na viatu vya mkandarasi, akalisimamisha mbele ya mama.

"Mama, hukukosea," alisema. "Tangi la pili halikuwa na mbegu. Hizi hapa."

Mama akalitazama gunia. Akainama akaugusa uzi wa kushonea, akaufuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Mkandarasi naye akautazama. Kisha akakohoa, akasema ana mtu anamngoja, akaondoka zake.

Mama akakaa kwenye chuma cha tela.

"Nilikuuliza kama kuna kilichobaki."

"Nilisema hakuna."

"Ukanitazama nikikwaruza udongo mbele ya Mwalimu Mkuu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini, mwanangu?"

Chiriku alitafuta jibu lililo zuri, akakosa, akatoa lile lililokuwepo. "Sikuogopa. Ningeogopa ningesema. Sihisi kitu, mama. Tangu baba afariki sihisi kitu. Siku ile nilivaa glavu yake, nikakaa, na pampu ikawaka. Gunia la kwanza sikulishusha. Nikawa naona kijani kinatoka tu."

Mama alipozungumza, safari hii sauti yake ilikuwa na mlima na bonde.

"Nimekasirika," alisema. "Nataka ujue hivyo. Kukosea si kitu, baba yako mwenyewe aliwahi kusahau mbolea. Nimekasirika kwa sababu ya lile 'hakuna' lako. Neno moja hilo lingetuuzia Sufuria."

"Ndiyo."

"Na mimi nina langu." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nilipaswa kuita. Siku zote niliita. Siku ile nilifungua mdomo nikashindwa, maana nilijua atakayejibu si yeye. Nikaona afadhali nitazame gunia tu. Ningeita, ungeshtuka, yasingetokea haya. Basi tumekosa wote wawili. Lakini la kwenda kumwambia Mwalimu Mkuu ni lako peke yako. Na yule kipa wako pia."

Walikwenda siku hiyohiyo. Mwalimu Mkuu alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza swali moja tu, kama nyasi zitawahi kabla ya mechi. Mama akasema wakimwaga kesho yake, na maji yasipokosekana, zitawahi. Kengele yeye alisikiliza huku akizungusha mpira mkononi.

"Nilijua," akasema. "Ila nilidhani umeiba. Kumbe umesahau tu ukaona uvivu kusema."

"Si uvivu."

"Ni nini basi?"

"Nitakuambia siku nyingine."

"Hapo sasa umesema maneno matano mfululizo ya maana," Kengele akamwambia. "Tunaendelea vizuri."

"Ni matatu," Chiriku akamjibu, na midomo yake ikataka kucheka.

Kesho yake waliupiga reki upande wa ukuta, wakajaza tangi moja. Mama akatia karatasi, mbolea, gundi na rangi. Chiriku alilishika gunia la pili mkononi tangu mwanzo, hakuliweka chini. Alikata uzi, akamimina mbegu, akakung'uta pembe zote mbili, akalitundika kwenye kulabu. Mama alikuwa mbali kule ukutani na mpira mkononi. Alisimama. Aliliona gunia, lakini pampu hakuiwasha.

"Mbegu?" akaita. Sauti ilimkatika katikati, lakini ilifika.

Chiriku, juu ya ngazi, alifungua mdomo. Alilijua jibu tangu akiwa mdogo, alikuwa amelisikia viwanja kwa viwanja, kwa sauti nzito yenye kicheko ndani. Sasa hapakuwa na mwingine wa kulisema.

"Zimeingia," akajibu.

Ndipo sindano zikaja. Zilianzia kifuani zikapanda mpaka puani, zote kwa pamoja, kama ganzi ya mwili mzima imeachia mara moja. Ilimuuma kuliko alivyodhani. Alishika ngazi kwa mikono miwili, akalia pale juu bila kujificha. Mama alidondosha mpira akaja mbio, akamshusha, wakakaa chini kwenye matope wameshikana, Sufuria likikoroga lenyewe nyuma yao. Walilia wote wawili, kisha mama akasema uji utashikana, wakainuka wakafanya kazi.

Nyasi ziliwahi. Siku ya mechi uwanja ulikuwa na rangi moja kutoka madarasani mpaka ukutani, ingawa ukitazama sana uliona upande mmoja ni mfupi kidogo. Watu wote walitakiwa wanyamaze ili wachezaji wausikie mpira, na kwa mtoto aliyeitwa Chiriku huo ulikuwa mtihani. Mpira ukaja golini ukilia njuga. Kengele akasikiliza, akainama, akaruka. Aliruka mwili mzima, akatua ubavuni kwenye nyasi, mpira uko kifuani. Alibaki amelala pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, shavu likigusa nyasi, mpaka refa akaenda kumwuliza kama ameumia. Akasema hapana, anapumzika tu.

Baada ya mechi mama na Chiriku walikaa kwenye ukingo wa njia, miguu ndani ya nyasi.

"Ile rangi tunaitia ili mwenye mpira ajue alipopita," mama alisema. "Haisemi kama mbegu zipo. Mimi na wewe tulikuwa tumejipaka rangi, mwanangu. Wewe ukisema uko sawa, mimi nikisema niko sawa, na wapita njia wanatusifu. Ukikosea siku nyingine, sema gunia likiwa bado mkononi, kabla halijafika stoo. Na ukiwa hauko sawa, sema vilevile. Mimi ni mama yako, sitaki rangi."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Unaendeleaje?"

Chiriku alianza kusema yale maneno mawili, akayaacha. Alichuma unyasi mmoja, akauzungusha vidoleni.

"Nimemkumbuka baba," akasema. Kisha akasema mabuti yake yasiendelee kutazama ukuta, yageuzwe, na kwamba glavu ile bado ina harufu ya gundi, na kwamba siku ya mazishi alikuwa na kiu na aliona aibu kuomba maji, na kwamba Kengele amemwambia hivi na hivi, na kwamba siku ile pale juu ya ngazi alidhani atasahau lile jibu, na hivi mama unakumbuka ile siku baba alipotumbukiza kofia ndani ya Sufuria ikatoka kijani, akaivaa hivyo hivyo mpaka sokoni, akaulizwa—

"Chiriku," mama akamwambia, "pumua kwanza, mwanangu."

Akapumua mara moja, akaendelea.